Marejeo Niliyoyagandisha

Ningemwambia tu yule mteja kwamba kompyuta imekufa. Katika kazi yangu neno hilo halidaiwi ushahidi. Mteja hutazama kioo cheusi, hufyonza meno, huchukua flashi yake na kwenda kwa jirani. Badala yake nilinyoosha mkono nikaipokea ile flashi, ilikuwa ina mafuta ya kuku, nikasema, "Niachie. Kesho asubuhi utakuta rejea zako zimekaa sawa."

Hapo ndipo ningeweza kukataa kirahisi. Baadaye pia ningeweza, lakini kwa gharama, na mimi si mtu wa gharama.

Steshenari yangu ipo Kihonda, kando ya barabara, kibanda cha mbao na mabati chenye kompyuta mbili, printa na mashine ya fotokopi inayokohoa. Elimu yangu ni kidato cha nne. Nilianza na taipureta, nikiwapigia watu barua za kuomba kazi na makubaliano ya mashamba. Kompyuta zilipokuja nilijifunza kwa kuharibu. Kisha wanafunzi wa chuo wakaanza kuniletea tasnifu zao, na humo ndimo nilimokutana na programu ya marejeo.

Kwa asiyeijua, mambo yako hivi. Anayeandika tasnifu lazima aonyeshe kila jambo amelitoa wapi. Zamani mtu aliandika mwenyewe, jina na mwaka, basi. Siku hizi kuna programu inayomtunzia vyanzo vyake vyote mahali pamoja, wanapaita maktaba, na akibonyeza, inampachikia rejea ndani ya sentensi na kumpangia orodha mwishoni. Ikiwa nzima ni raha. Ikiugua, mtu mzima anaweza kulia mbele za watu, na nimewaona. Namba zinaruka. Orodha ya mwisho inajirudia, au inatoweka. Unafuta koma moja, programu inakuuliza kama kweli umedhamiria, ukiijibu vibaya inarudisha koma na kuondoka na aya nzima.

Mimi nilijulikana kwa dawa moja. Kila rejea ya programu ina sura mbili. Ya nje ndiyo inayosomwa kwenye karatasi. Ya ndani haionekani mpaka ubonyeze vitufe fulani kwa pamoja. Ndipo inajifungua, maandishi marefu yamejaa mabano, na humo kuna habari zote za chanzo: kimetoka maktaba gani, nani kasema, wapi, hata maelezo ya pembeni ambayo mwenye kazi alijiandikia mwenyewe asisahau jambo. Dawa yangu ilikuwa kukata sura ya ndani na kubakiza ya nje. Rejea inageuka maandishi ya kawaida, kama umeyapiga kwa taipureta. Hairuki tena, haigombi tena. Wanafunzi waliita kugandisha. "Mzee, nigandishie, kesho nakabidhi." Nikagandisha. Sikuwahi kujiuliza kile ninachokikata kina kazi gani nyingine.

Sasa mpwa wangu. Ni binti wa dada yangu, na kwa sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba kwetu si mtu wa kuleta kanga sikukuu na kupigwa picha. Mjomba ndiye anayesimama. Mtoto akiugua, akishtakiwa, akiposwa, watu huuliza kwanza, mjomba wake yuko wapi? Alipopata nafasi ya chuo, aliyekwenda kumsindikiza na sanduku ni mimi. Baba yake alitupungia mkono kutoka barazani, na hakuna aliyeona ajabu.

Aliamua kuandika juu ya mbegu: jinsi wanawake wa milimani wanavyochagua na kutunza mbegu za maharage, mahindi na maboga bila kununua dukani. Mtu wake mkubwa wa kuuliza alikuwa bibi yake, yaani mama yangu, aliyeishi juu Uluguru, mahali ambapo gari linaishia na wewe unaanza kupanda kwa magoti yako mwenyewe. Mpwa wangu alipanda kila alipopata wasaa. Alitaka kumrekodi bibi kwa simu. Mama akaiangalia ile simu kama vile anaangalia mjusi mezani. "Iondoe," akasema. "Siongei na kitu kisichonijibu." Kwa hiyo binti akawa anaandika kwa mkono, pale jikoni, moshi ukimtoa machozi, mama akimcheka kwamba msomi gani analia kabla habari haijaanza.

Hakuwa na kompyuta yake. Alikuwa anakuja dukani kwangu asubuhi kabla wateja hawajajaa, anakaa kwenye kompyuta ya pili, ile ya ukutani. Maktaba yake tuliifungua pamoja tukaipa jina la kijiji chetu. Nakumbuka siku ya kumwingiza bibi.

"Mjomba, bibi anaingia kama nini? Hapa wanataka kujua ni kitabu au jarida."

"Shuka chini. Weka mazungumzo ya ana kwa ana."

"Na mwandishi?"

"Si yeye."

Akaweka mikono mdomoni, akacheka mpaka mteja wa fotokopi akageuka. "Bibi mwandishi! Nikimwambia atadai soda."

Kwenye nafasi ya maelezo ya pembeni akajiandikia: *Kumuuliza bibi tena habari ya mbegu za maboga.* Hakuwahi kumuuliza. Mvua za mwaka ule zilipoanza mama aliugua kifua, na tulipomteremsha kwenye machela tulikuwa tumechelewa. Kilichobaki cha kauli yake ni kile kilichoandikwa pale jikoni na kuingizwa kwenye kompyuta yangu ya ukutani. Sura moja ya tasnifu, ya tatu. Mpwa wangu alikuwa akiisoma kwa sauti ya chini anapokosea kitu, kama mtu anayejiombea.

Yule mwenye flashi alikuwa mkubwa katika ofisi fulani ya mjini, na alikuwa akisoma shahada ya pili chuoni, darasa la jioni na Jumamosi. Alikuwa mteja wangu wa zamani. Akija kuchapa alipenda kukaa mwenyewe kwenye ile kompyuta ya pili, na mimi nilimwachia, kwa sababu ni mkubwa na kwa sababu alikuwa akiniita Profesa. Alikuwa anakula popote alipo. Siku ile alikuja na kuku wa kukaanga kwenye gazeti, akaliweka juu ya kaunta, juu ya karatasi za watu, akazungumza huku akichokonoa meno, na alipotaka kunionyesha tatizo alinionyesha kwa kijiti kilekile, akakigusisha kwenye kioo changu. Kikaacha alama. Niliifuta baada ya yeye kuondoka, ikatanuka.

"Shikamoo Profesa wangu."

"Marahaba."

"Rejea zimenikataa. Nikisema isasishe, orodha inazaa. Ilikuwa kurasa nne, sasa sijui ni ngapi. Hebu zikanye."

Kisha akatoka nje, akautazama ukuta wa kibanda changu, ambako watu wa barabara walikuwa wamechora X nyekundu. Kila mtu Kihonda anajua maana yake: uko ndani ya hifadhi ya barabara, siku yoyote tingatinga linapita. Akaigonga ile X kwa kidole. "Na hii nayo mzee wangu isikunyime usingizi. Nitaisemea."

Ndipo nikanyoosha mkono.

Kesho yake mapema nilianza kama fundi yeyote. Nilitoa nakala ya faili, nikaifunga ya asili pembeni. Nikazima ile tabia ya programu kujisasisha kila dakika. Nikaikata kazi vipande, kila sura kwenye faili jipya, ili nijue ugonjwa umelala wapi. Sura ya kwanza ikakubali kusasishwa, ila kwa mguno. Ya pili ikaleta mwandishi mmoja mara tatu kana kwamba ni watu watatu. Ya tatu ikaikwamisha kompyuta kabisa. Nikaiwasha upya, nikabonyeza vile vitufe, sura za ndani za rejea zikafunguka.

Nimewahi kulala nyumba ya wageni Ngerengere nikainua godoro kutafuta kilichokuwa kinaniuma. Ni hisia ileile. Kila aya ilikuwa na maktaba yake. Hii imetoka kwa mwanafunzi aliyemaliza zamani, namjua, nilimfungia tasnifu yake mimi. Hii imetoka kwa mtu wa chuo kingine. Hii haina hata mwenyewe. Mkubwa alikuwa amekwangua kazi za watu kutoka kwenye flashi na kompyuta za mjini, akazishona, na rejea zao zikaja nazo kama chawa kwenye nguo ya kuazima. Programu haikuwa na kasoro. Ilikuwa inafanya uaminifu: inajaribu kuwaandika wote wenye mali, na orodha inazidi kuzaa.

Kisha nikaliona jina la kijiji chetu.

Nikateremka polepole. Mazungumzo ya ana kwa ana. Jina la mama yangu. Kijiji. Na mwishoni, ndani ya mabano, *Kumuuliza bibi tena habari ya mbegu za maboga.*

Nilitoka nje kutema mate. Jirani yangu wa duka la vipuri, Mhindi mzaliwa wa hapahapa tuliyezeeka naye, akaniita kutoka mlangoni kwake, "Vipi mzee, umekula nini?"

"Sijala kitu."

"Basi ni mimba. Hongera."

Sikuweza kucheka. Nilijua ilivyotokea. Kazi ya mpwa wangu ilikuwa imekaa mbele kabisa kwenye kioo cha kompyuta ya pili, pamoja na kazi za watu wengine, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuziacha ili mteja akirudi tusitafutane. Mkubwa alikaa pale akisubiri kurasa zake zichapwe, akajichotea.

Alikuja saa nne, anachokonoa meno.

"Zimekubali?"

"Hii sura ya tatu," nikasema, "ya huyu bibi wa mbegu. Uliwahi kupanda kule juu?"

"Kule kuna barabara?"

"Hakuna."

"Sasa nipande na nini, Profesa? Na punda?" Akacheka, akanipiga begani. Mkono wake ulikuwa na unyevunyevu. "Chuoni tunasaidiana. Wewe gandisha. Halafu hiyo ya zamani futa kabisa, na kwenye pipa la kompyuta toa. Sipendi vitu vyangu vizagae kwenye mashine za watu."

Alisema hivyo bila aibu, amekaa kwenye kiti kilekile.

Ningemwambia huyo bibi ni mama yangu. Nikatazama nje, nikaiona pembe ya ile X kwenye mbao za mlango. Nikajiambia kwamba kazi ya mpwa wangu imeshachapwa, ipo mezani kwa msimamizi wake inangoja sahihi, atakabidhi kabla ya huyu. Kwamba hakuna atakayezisoma zote mbili. Kwamba mimi ni mtu wa kupiga chapa tu. Mzee mwenye mvi, nikijidanganya kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Nikagandisha. Ni kitendo kidogo mno. Unachagua yote, unabonyeza, na yale mabano yanayeyuka kama hayakuwahi kuwapo. Jina la mama likabaki kwenye karatasi kama mtu ambaye mkubwa alimtembelea. Jina la kijiji, maktaba, maboga, vyote vikaenda. Nikafuta faili la asili. Nikatoa kwenye pipa.

Msimamizi wa mpwa wangu alikuwa safarini. Aliporudi na kutia sahihi, kazi ya mkubwa ilikuwa imeshakabidhiwa. Chuo kina mashine inayolinganisha kazi mpya na zilizotangulia, na mashine haijui nani alipanda mlima. Inajua nani aliwahi.

Binti alikuja dukani mchana, amevaa nguo ya heshima aliyokwenda nayo mbele ya kamati ya chuo. Alipoingia hakukaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu."

"Wanasema sura ya bibi nimeiba." Aliisema kama anayetafsiri lugha asiyoijua. "Ipo kwenye kazi ya yule bwana wa kuku. Neno kwa neno. Lakini mjomba, kazi yake ilipita hapa, si ndiyo? Mwenyewe amekushukuru mle ndani, ukurasa wa mbele. Basi faili lake unalo. Tukifungua rejea kwa ndani maktaba yangu itaonekana, na ile ya maboga. Hawezi kusema ile ya maboga ni yake!"

Nilikuwa nanyoosha karatasi ambazo zilikuwa zimenyooka.

"Mjomba?"

"Niligandisha."

"Sawa, lakini ile ya kwanza?"

"Nilifuta."

Nje mtu alikuwa anaulizia bei ya bahasha na hakuna aliyemjibu.

"Ulifungua ndani kwanza," akasema polepole. "Wewe hugandishi bila kufungua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Uliiona ile ya maboga?"

Nimekosa mengi maishani, lakini hapo sikusema uongo. "Niliiona."

"Halafu ukagandisha."

"Ndiyo."

Alichukua mkoba wake. Alipita karibu na kompyuta ya pili, akaigusa kibodi kwa ncha ya kidole kisha akakifuta kidole kwenye gauni lake. Nilikuwa nimemwona akifanya vile zamani, baada ya mkubwa kutoka kwenye kile kiti.

Nilikwenda chuoni bila kuitwa. Nilivaa koti langu la msibani, nikawaeleza kamati yote, X na kuku na maboga. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja akaniuliza, "Mzee, huyu binti ni nani kwako?"

"Ni mpwa wangu. Mimi ni mjomba wake."

Wakatazamana. Ujomba niliofundishwa kwamba ni nguzo, pale ulikuwa ndio sababu ya kutoniamini. Mwingine akafungua kazi ya mkubwa ukurasa wa mbele, akanionyesha aya ya shukrani: anamshukuru mzee wake wa steshenari kwa msaada usio na kifani. "Ulimsaidia, akakushukuru, na leo unamshtaki?" Nikasema wafungue kompyuta yangu, watazame tarehe za faili la binti. Wakamtuma mtu. Betri ndogo ya ndani ya mashine ile ilikufa zamani, na kila umeme ukikatika kompyuta inarudi kwenye mwaka iliotengenezwa. Nilikuwa nimeshindwa kuibadilisha kwa uvivu tu. Kwa mujibu wake, mpwa wangu aliandika juu ya mazungumzo na bibi yake angali shule ya msingi.

Madaftari yake ya jikoni aliwapelekea. Wakasema mtu anaweza kuandika daftari wakati wowote. Wakampa njia mbili: shauri liendelee, na lingekuwa refu, au aitoe sura ile akabidhi kazi bila hiyo. Ajira aliyokuwa ameahidiwa ilikuwa inataka cheti. Akaitoa. Akapeleka kuichapa mjini, siyo kwangu.

Mkubwa alitimiza ahadi. Asubuhi moja nilikuta X imepakwa rangi ya kijani juu yake. Jua likiwa kali bado naiona kwa chini, wekundu unaopenya. Aliniletea nakala ya tasnifu yake, jalada gumu, maandishi ya dhahabu. Nilijaribu kuisoma sura ya tatu. Mama yangu anazungumza mle, ni sauti yake hasa, anaeleza kwa nini mbegu bora huachwa shambani mpaka ikaushwe na jua, na kila baada ya aya chache yule bwana anaandika "mtafiti alielezwa." Niliifunga. Ina harufu, au mimi ndiye ninayeisikia peke yangu. Sijaweza kuitupa kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo maneno yale yamechapwa.

Mwaka jana mpwa wangu aliposwa. Kwa desturi yetu wajumbe wa posa hupelekwa kwa mjomba mkubwa, na mjomba mkubwa ni mimi. Nilisikia kwa watu. Wajumbe walielekezwa kwa mdogo wangu, na siku ya harusi yeye ndiye aliyekaa kwenye mkeka wa mjomba, yeye ndiye aliyeulizwa kama ukoo umeridhia. Nilikwenda, nikakaa nyuma na majirani. Binti alipopita kusalimia wageni alifika kwangu akanipa mkono, akasema, "Shikamoo mzee." Nikaitikia.

Kibanda changu bado kimesimama. Ndicho nilichopata. Kwa kukipata nilimpa mtu mwingine maneno ya mwisho ya mama yangu, na binti wa dada yangu haniiti tena mjomba.